Mwaka Nilipolianika Boma la Mzee Jilala

Kosa langu lilikuwa safu moja ya ziada. Kwenye programu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya watu halisi, niliongeza safu yenye kichwa "Mwenye ng'ombe", nikaiwekea kinyota chekundu cha kuonyesha kwamba ni lazima ijazwe, kisha yote yaliyojazwa humo nikayaweka mtandaoni mahali ambapo mtu yeyote duniani angeweza kuyasoma. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Hakuna aliyenituma kufanya hata kimoja kati ya hayo. Nayasema mapema kwa sababu habari hii nimeshaisimulia mara kadhaa kwa watu wa kazi yangu, na kila mara najikuta naisimulia kama mkasa uliotukuta sote, mimi na mtandao na desturi za Wasukuma, wakati aliyebonyeza kitufe ni mimi, tena baada ya kukagua kila mstari mara saba.

Mwezi uliopita Mzee Jilala alifariki, nikaenda Bukundi kumzika. Sikuwa nimekanyaga pale kwa miaka minane. Aliyenipigia simu ni mwanawe Mayunga, niliyesoma naye sekondari Maswa. Alisema, "Mzee ametutoka. Tunazika kesho saa nane. Ukiweza." Hilo neno la mwisho nilikaa nalo njia nzima, kwenye basi la asubuhi mpaka Mwanhuzi na kwenye pikipiki baada ya hapo. Ndivyo nilivyo: mtu akiniambia neno moja nalichambua mpaka linapoteza maana, halafu naanza upya. Mwaka ule ninaoukumbuka nilikuwa hivyo hivyo, ila nilidhani ni kipaji.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye stesheneri ya Mama Neema, Bariadi mjini. Chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi iliyokuwa ikiunguruma kama pampu ya maji, shuka la bluu lililopigiliwa ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, benchi la wateja, na kompyuta mbili zilizozeeka kabla ya kutufikia. Vijana walikuja kutuma maombi ya ajira, akina mama walikuja kuvalisha plastiki vyeti vya watoto vya kuzaliwa. Kompyuta zilikuwa na programu za kopi, zile zinazopitishwa kwenye flashi kutoka duka hadi duka, na pamoja nazo zilipita virusi vya wilaya nzima. Kila wiki barua ya mtu ilitoweka, mwenyewe yupo pale benchini anasubiri. Mimi nilikuwa nimejifunza peke yangu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikisoma miongozo ya Kiingereza huku nimefungua kamusi pembeni. Jumapili moja nikafuta kila kitu kwenye zile kompyuta na kuweka Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta. Jumatatu Mama Neema alisimama mbele ya kioo, mikono kiunoni.

"Hii nayo kaiandika nani?"

"Watu wengi, Mama. Wa nchi mbalimbali."

"Wanalipwa na nani?"

"Wengine hawalipwi. Wanajitolea tu."

"Wanajitolea! Wanamjua Mama Neema wa Bariadi hao?" Wateja benchini wakacheka, na Mama akapata nguvu. "Shija, mtu usiyemjua akikuletea ugali mpaka mezani, hata hodi hajapiga, wewe unakula?"

"Ila huu, Mama, unaruhusiwa kuona mpaka ulivyopikwa."

"Sitaki kuona ulivyopikwa. Nataka printa itoe karatasi."

Printa ilitoa karatasi baada ya siku tatu za mateso ambazo sitazieleza. Kuanzia hapo virusi vikaisha, na mimi nikawa muumini. Wengi wanaopenda programu huria wanazipenda kwa sababu ni za bure, na sioni aibu yoyote katika hilo; kwetu bure ni sababu nzito. Mimi kilichonikamata ni ule uwazi. Kwamba mtu wa mbali ameandika kitu akaacha mlango wazi, niingie, nisome, nirekebishe, na akikosea nimwambie. Shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kunifungulia mlango wa namna hiyo. Nikaanza kuamini kwamba kila kitu kingekuwa bora kama kingekuwa wazi: ofisi, hospitali, vikao, familia. Aliyeficha ana hila, niliwaambia wateja huku nawapangia karatasi zao. Hakuna aliyebishana nami, nikachukua kimya chao kuwa wamekubali. Leo nikiwasikia vijana kwenye mikutano ya teknolojia wakisema maneno yale yale, kwa sauti ile ile, natazama chini.

Mayunga aliingia dukani mwezi wa tano akiwa na daftari la josho la Bukundi. Baba yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya josho, yeye ndiye mwandishi. Daftari lilinuka dawa ya kupe na kurasa zilishikana. Kila ng'ombe anayeogeshwa aliandikwa mstari mmoja: boma anakotoka, rangi yake, tarehe. Bwana mifugo alitaka orodha safi, Mayunga akakumbuka kwamba rafiki yake "anajua mambo ya kompyuta". Nikamwambia sitamchapia orodha, nitamwandikia programu. Akasema, "Wewe Shija, nimekuja kuomba kiberiti unanipa moto wa msitu," lakini alikuwa anafurahi. Nilikataa malipo. Nilitaka kuwa mmoja wa wale wanaojitolea.

Programu ya kwanza ilikuwa tayari kwa wiki tatu. Nikauweka msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, kwenye tovuti moja ambako waandishi wa programu duniani huweka kazi zao zisomwe, nikasubiri kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Siku ya tano mtu mmoja, wa nchi nisiyoijua, aliandika kwa upole kwamba jedwali langu limechanganya mambo mawili: boma anakolala ng'ombe na mtu mwenye ng'ombe. Kila jambo liwe na safu yake, alisema. Alikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa vitabu. Nilishindwa kula mchana ule. Niliandika upya kila kitu, nikaongeza safu, nikaweka kinyota chekundu, na programu ikawa haihifadhi mstari wowote mpaka mwenye ng'ombe atajwe.

Nikaenda Bukundi kuijaza. Asubuhi josho lilikuwa kelele tupu, ng'ombe wanarukia maji ya dawa mmoja baada ya mwingine, wanaume wamesimama ukingoni na miti mirefu wakiwazamisha vichwa. Mimi nilikaa kwenye kigoda na kompyuta mapajani, mfuko wa nailoni juu yake kuzuia matone. "Boma la nani?" nauliza. "La Jilala." "Na ng'ombe ni wa nani?" Mchungaji ananitazama. "La Jilala, si nimekwambia?" Nikaandika Jilala. Boma lililofuata, jina la boma. Na lililofuata. Mpaka saa sita safu mbili zilikuwa na majina yale yale kutoka juu hadi chini. Mzee mmoja aliyekuwa akiogesha aliuliza kwa sauti ili wengine wasikie, "Huyu kijana anahesabia nani?" Watu wakacheka kidogo, si sana. Mzee Jilala mwenyewe, mtu mfupi aliyependa kofia na kupenda kutazamwa, akanitetea: "Mwacheni, huyo ni kijana wangu wa Bariadi. Anaandika ng'ombe wangu waonekane Dodoma!" Akatembea ukingoni mwa josho akijionyesha, ng'ombe sitini na kitu wakitoka majini nyuma yake.

Mchana tulikula nyumbani kwake. Ugali wa mtama, nsansa, yale majani makavu ya kunde, iliyopikwa kwa karanga, maziwa ya mgando, wanaume wote sahani moja, mkono wangu ukigongana na mkono wa Mzee. Alinisogezea nsansa upande wangu mara mbili. Baada ya chakula alikwenda kulala, mimi na Mayunga tukabaki sebuleni, na mama yake akatuletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tutafune. Nikaanza kulalamika. Safu inayorudia safu nyingine haina maana, nilimwambia. Ama jedwali limekosewa au watu wananidanganya. Mayunga alicheka mpaka akapaliwa na michembe.

"Kwani hujui? Wewe Msukuma wa wapi?"

Nilijua kwa juu juu, kama mtoto wa mjini anavyojua. Mtu hawaweki ng'ombe wake wote kwenye boma lake. Anawawekesha kwa watu anaowaamini, wawili hapa, tisa kule, wilaya nyingine kabisa, ili ugonjwa au ukame usimmalize kwa siku moja, na ili ndugu wakija na shida zao wasione boma limejaa. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata mbolea, na ndama mara moja moja. Zaidi ya hayo anapata heshima ya zizi lililojaa. Kila mtu anafahamu kwamba katika zizi lile wamo wa wengine. Hakuna anayeuliza ni wepi na ni wa nani. Unaona zizi, unasifu zizi, unasalimia.

"Mwaka huu, mwezi wa pili, ndipo Mzee alipoanza kunionyesha," Mayunga alisema akishusha sauti, na nakumbuka alivyonyoosha mgongo. "Kaka zangu hawajui. Mama hajui wote. Ananichukua asubuhi zizini, ananiambia huyu wa fulani, yule mwenye baka wa fulani, nikirudi ananiuliza kama mtihani. Amesema nikiwajua wote basi boma ni langu hata yeye akiwa hai."

Kisha akanitajia. Hakunitajia kwa uzembe. Alinitajia kama mtu anavyomwonyesha rafiki yake shati jipya, kwa sababu jambo kubwa limempata na alikuwa hana wa kumwambia. Katika wale sitini na kitu, wao wenyewe walikuwa na kumi na mmoja. Tisa walikuwa wa mtu wa Lalago. Saba wa mtu wa Maswa. Aliendelea, na vidole vyangu viliendelea. Aliviona vikiandika.

"Hiyo si inakaa humo humo kwenye kompyuta?"

"Haiwezi kupotea," nilimwambia. Aliuliza jambo moja nikajibu lingine, na nilijua. Nilikuwa nafurahia safu inavyojaa.

Niliporudi Bariadi niliipandisha mtandaoni programu nzima pamoja na orodha ile, kama mfano, ili watu waone inavyofanya kazi kwa taarifa za kweli. Niliwaza kuweka majina ya kubuni. Nilikaa nikiwaza hivyo kama dakika kumi, huku mashine ya fotokopi ikiunguruma, kisha nikaona majina ya kubuni yangeifanya kazi yangu ionekane ya kitoto. Pia uwazi ni uwazi, nilijiambia. Nikatengeneza na ukurasa ambao mtu angeweza kuufungua kwa simu, nikautuma kwenye kundi la vijana wa mkoa. Wakanipongeza. Yule mtu wa nchi ya mbali akaandika kwamba sasa jedwali ni zuri sana. Kwa wiki mbili nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwenye kazi hii.

Wa kwanza kuufungua ule ukurasa kwa makini alikuwa kijana wa Lalago. Aliona jina la baba yake mdogo, na mbele yake ng'ombe tisa, Bukundi, kwa Jilala. Miezi michache nyuma huyo baba mdogo alikuwa ameombwa achangie mahari ya kaka wa kijana huyo, akaapa mbele ya ukoo kwamba ukame umemmaliza. Sikuwepo walipomsomea kile kioo cha simu. Ninachojua ni kwamba kesho yake alifika Bukundi na watu wawili, akawatoa ng'ombe wake zizini bila kukaa, bila hata kunywa maji. Wiki ile ile akaja mtu wa Maswa. Kisha wengine, hata wale ambao siri yao haikuwa imemfikia mtu yeyote, kwa kuwa boma la Jilala lilikuwa limeshakuwa boma linalosema.

Mayunga hakunitukana. Alituma ujumbe: "Mzee ameniuliza nilimwambia nani." Nikaenda siku iliyofuata. Nilikuwa nimeandika maneno ya kuomba radhi kwenye karatasi, nikayasahihisha mara nyingi, na nilipofika sikuruhusiwa kuyasoma. "Mwangaluka, baba," nilimwamkia Mzee. Aliitikia vizuri, akasema niingizwe ndani nipumzike kwa kuwa nimetoka mbali. Nikaketishwa peke yangu sebuleni. Baada ya muda mama yake Mayunga akaleta maji ya kunawa, kisha chakula: ugali, na kuku mzima aliyechinjwa kwa ajili yangu. Sahani moja, ya mtu mmoja. Nje, chini ya dirisha, nilisikia wanaume wakinawa na kukaa kula pamoja.

"Anakula?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee.

"Anakula," mama akajibu.

"Muongezeeni mchuzi. Mgeni huyo."

Mtu mmoja akauliza kama ndiye yule wa kompyuta. Mzee akasema, "Yaya, hapana, yule hana kosa. Yeye ni mtu wa mjini, ameandika alichoambiwa. Mwenye mdomo ni wangu." Nilimsikia Mayunga akikohoa, na nikajua yuko pale, anakula na baba yake, kichwa chini. Nilitaka kutoka niseme kwamba kosa ni langu. Nilipanga sentensi. Nilipata iliyo sawa walipokuwa wameshanawa na kutawanyika. Yule kuku nilimla nusu, na sijui mpaka leo kama kumla kulikuwa vibaya zaidi au kumwacha.

Nilipitia zizini nikiondoka. Wale kumi na mmoja walikuwa wamesimama upande mmoja, kama hawajazoea nafasi. Nikarudi Bariadi, nikafuta orodha. Hapo nikajifunza jambo ambalo miongozo yote ilikuwa imelisifu na mimi nikalisifu pamoja nayo: kwamba tovuti zile hutunza kila toleo la zamani, na mtu yeyote akipenda kazi yako anaweza kuchukua nakala yake. Watu watatu walikuwa wameshachukua. Niliwaandikia. Yule mkosoaji wangu alifuta siku hiyo hiyo, akaniomba radhi kwa Kiingereza kirefu ingawa hakunikosea kitu. Wa pili naye alifuta. Wa tatu hajajibu mpaka leo. Nilimweleza Mama Neema, nikitegemea aniambie kwamba alinionya. Alisema, "Hao wa nchi za mbali hawajui ng'ombe ni nini, usiwalaumu. Wewe ulijua." Kisha akanipa fomu za mteja nichape.

Nimeyawaza haya kwa miaka minane na sijafika mahali pa kutulia. Sijaacha kuamini programu huria. Josho la kijiji lisitegemee kampuni ambayo ikifunga ofisi kila kitu kinafungwa. Hilo nitalitetea popote. Lakini wale walioandika miongozo niliyoisoma walikuwa wanawaza serikali zinazoficha na kampuni zinazoficha. Hawakumwaza mkulima anayeficha ng'ombe tisa ili watoto wake wasife njaa mwaka wa ukame, wala jirani anayekubali kuficha pamoja naye. Nami niliyetoka katika watu hao nilijifunza uwazi kwa wageni nikauleta nyumbani kama dawa, bila kuuliza nani anaumwa.

Kwenye mazishi tulisimama na Mayunga bega kwa bega tukipokezana koleo. Ana mvi kidogo, na ni mwenye boma sasa, kwa sababu kaka zake wamehamia mijini. Nilitegemea zizi tupu. Halikuwa tupu, miaka ilivyopita watu walimrudia Mzee, kidogo kidogo, na niliona kama ng'ombe thelathini. Nikashusha pumzi. Nikafikiri basi, yamepona.

Siku iliyofuata wakaanza kufika. Mwanaume mmoja alitoa pole, akakaa, akanywa chai, kisha akasema ng'ombe wake wamo, wanne, yule mwekundu na wale weusi. Mayunga akamwambia achukue. Akaja wa pili, akaonyesha kwa kidole sita. Achukue. Alipofika wa tatu, naye akamtaja mmoja wa wale wale sita, wakaanza kubishana, na Mayunga akawatazama tu kama mtu asiyehusika.

Nikamvuta pembeni. "Si ungewaambia? Wewe si unawajua?"

"Siwajui."

"Mzee si alikuonyesha?"

"Mwaka ule. Baada ya pale hakunionyesha tena." Alisema taratibu, bila hasira, akitazama zizi. "Nimeishi naye miaka minane, Shija. Nimewakamua, nimewaogesha, nimewazalisha. Hata alipolazwa nilimuuliza, Baba, wa nani na wa nani? Akageukia ukutani. Niko nao kila siku na sijui wangu ni yupi."

Nikamwambia kwamba ile orodha ya zamani bado ipo, kwa yule wa tatu aliyechukua nakala mtandaoni, siwezi kuifuta. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka ifae kitu.

"Wale ng'ombe walishakufa wote," akasema.

Mpaka jioni watu saba walikuwa wamechukua. Walibaki ng'ombe wawili ambao hakuna aliyewataja, Mayunga akasema basi hao ndio wake.

Miaka minane imebadilisha mambo machache, na nitayasema kama yalivyo. Nina kazi nzuri, bado naishi Bariadi, na bado naandika programu zilizo wazi kwa kila mtu. Taarifa za watu siziweki humo, hata za mfano. Nikikaa na kamati ya kijiji huanza kwa kuwauliza ni nini wasingependa kiandikwe, kisha naweka kalamu chini wanapojibu. Mimi na Mayunga tumeanza kupigiana simu Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na baba aliyemwamini kwa miezi mitano, na hakumpata tena.